Jumamosi za Ephraimu

Juu ya Kikatiti
19 Februari 2024

Kwako Mikaeli,

Natumaini u mzima huko mjini. Sisi tupo. Ningeweza kukupigia simu, lakini nyumba yangu bado ina wageni wa msiba, na hapa mtu akishika simu wote waliomo sebuleni wanaacha kutafuna ili wasikie. Barua haina sauti. Nampa Godwin, anayepeleka ndizi zetu soko la Kilombero. Ndiye aliyekutambua siku ya mazishi akanitajia jina lako, na anasema una karakana ya kuchomelea vyuma pale Elerai.

Mimi ni Anande, mke wa marehemu Ephraimu. Ulinipa mkono ukaondoka haraka, sikuwahi hata kukuuliza jina.

Nakuuliza bila kuzunguka. Kaburi lilipokwisha kufukiwa na mashada kuwekwa, wewe, ambaye hakuna aliyekujua, ulitoka nyuma ya watu na mche wa isale mkononi. Ukapiga magoti ukaupanda kwenye udongo mbichi, upande wa kichwa. Kisha ukalia mpaka wanaume wawili wakakuinua. Binti yangu mwenyewe hakulia hivyo.

Labda hujui ulichokifanya. Kwenye ukoo wa mume wangu, isale ndiyo mpaka wa kihamba, shamba la urithi la ukoo, na ndiyo alama ya kaburi. Kwenye kaburi la baba huipanda mtoto wake wa kiume. Sisi Mungu alitupa Irine peke yake, kwa hiyo ilipangwa apande shemeji yangu Sumari. Alikuwa amesimama pale na isale yake mkononi, suti imemkaa vizuri, hajui aipeleke wapi.

Tangu siku ile hakuna anayezungumza jambo jingine. Elieshi, dada wa marehemu, anasema una mwendo wa kaka yake. Sumari anasema masikio. "Shemeji, masikio yale hayakushuka na mvua." Basi nami nimetoa picha ya harusi, naangalia masikio.

Pengine ningeyaacha yapite kama si Jumamosi. Kwa zaidi ya mwaka, kila Jumamosi Ephraimu alivaa koti lake la kahawia akaniaga kwamba anakwenda kwenye kikao cha ushirika wa kahawa. Juzi mwenyekiti wa ushirika alikuja kunipa pole, akasema, "Siku hizi za mwisho tulimkosa sana vikaoni." Nilimwongezea chai. Nikambana Godwin. Akaangalia chini, akasema alikuwa akimfikisha Elerai, na kwamba aliombwa asiseme.

Je, wewe ni mtoto wake? Kama mama yako yupo, mwambie sina ugomvi naye. Nataka kujua tu, maana siwezi kukaa. Leo nimefagia uwanja, nikamaliza, nikaanza tena, na hakuna jani lililokuwa limeanguka.

Anande


Elerai, Arusha
24 Februari 2024

Mama Irine,

Shikamoo. Pole sana, na pole tena kwa niliyoyaongeza juu ya msiba wako.

Mimi si mtoto wa Mzee Ephraimu. Baba yangu alikuwa Tluway, mtu wa Mbulu, alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama alikuja kuchuma kahawa kwenye shamba kubwa lililo chini ya kwenu, tukaishi kwenye nyumba za vibarua. Naye amekwisha kutangulia. Kati yake na mzee hakukuwa na lolote, hata salamu zao zilikuwa za mlangoni pa kanisa.

Isale sikuijua. Tangu utoto naiona kwenye makaburi yenu, nikadhani ni ua la heshima, kila mwenye huzuni anaweza kupanda. Nilimwomba mama mmoja njiani akanikatia mche. Watu waliponyamaza nilifikiri wananyamaza kwa majonzi.

Kuhusu Jumamosi, nakuomba Mama usiniulize. Si jambo baya. Lakini nilimpa neno langu, na aliyenipa ruhusa ya kusema hayupo.

Mikaeli Tluway


Juu ya Kikatiti
29 Februari 2024

Mikaeli,

Nimepata yako. Mambo ya isale nimekubali. Mtu asiye wa huku anaweza kukosea hivyo, na nimemweleza Sumari. Akacheka. "Anapanda kichwani pa kaburi kwa bahati mbaya, analia kwa bahati mbaya, na marehemu anakwenda Elerai kwa bahati mbaya."

Hiyo "si jambo baya" ndiyo iliyoniamsha kitini. Mwanamume mwenye jambo zuri huwa anataja jambo lenyewe.

Tarehe kumi na sita Machi kuna kikao cha ukoo. Sumari anataka kabla ya kuweka msalaba ijulikane kama marehemu ana mtoto wa kiume, maana kihamba kina mambo yake. Kihamba sicho kinachonisumbua, Mikaeli. Nimeishi na Ephraimu tangu nikiwa binti wa kumaliza darasa la saba. Najua alikuwa anaanza kuvaa soksi ya kushoto. Najua alikuwa anapiga chafya akitazama jua. Sasa natembea humu ndani nagusa vitu vyake na kila kimoja kinanitazama kama mgeni. Kama Jumamosi zake sizijui, sijui kama siku nyingine nilizijua.

Wewe una neno lako ulilompa. Mimi nina kitanda nisichoweza kukilalia. Nimehamia chumba cha stoo, kwenye magunia.

Niambie.

Anande


Kimandolu, Arusha
4 Machi 2024

Bwana Mikaeli,

Mimi ni Irine, binti wa marehemu. Nilikwenda nyumbani mwisho wa wiki nikakuta barua yako chini ya gunia analolalia mama. Nimeisoma. Sikuombwa, na siombi radhi.

Hujui hali ya mama. Amehamisha kabati mara tatu. Anaanza kupika, anaacha, anakwenda kusimama barabarani, anarudi. Jana alifua mashati ya baba yote, yakakauka, akayafua tena. Nilipomuuliza akasema, "Yana vumbi la Elerai."

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, kama wewe ni kaka yangu, sema. Sitakufukuza. Niko tayari twende tukapime damu kimyakimya, majibu tukayasome wawili. Nimekuwa mtoto wa pekee maisha yangu yote, sidhani kama kaka angeniua. La pili, kama huna la kusema, basi usimwandikie tena. Ukweli uliokatwa nusu unamtesa kuliko kutojua.

Isale yako baba mdogo Sumari ameing'oa. Msalaba tunauweka Jumamosi ya tarehe sita Aprili. Tafadhali usije.

Unijibu mimi, si mama.

Irine Ephraimu


Elerai, Arusha
11 Machi 2024

Mama Irine,

Shikamoo. Dada Irine ameniambia nisikuandikie. Mwambie nimemheshimu siku zote isipokuwa leo.

Juzi Jumamosi Mzee Sumari alikuja hapa karakana na wenzake wawili. Tulikuwa tunamalizia geti la shule. Akasimama mbele yangu, akaniambia, "Vua kofia." Nikavua. Wakanizunguka, mmoja kushoto mmoja kulia. Fundi wangu Nelson, ambaye hawezi kunyamaza, akasema, "Wazee, hapa tunauza mageti na madirisha. Masikio yamekwisha, labda Jumatatu." Vijana wakacheka. Mzee Sumari akakasirika, akasema kwa sauti, mbele ya wote na mbele ya wateja, kwamba kaka yake alikuwa na nyumba ndogo hapa Elerai na mimi ndiye tunda lake.

Hapo nikaona kwamba kunyamaza kwangu kunamchafua mtu niliyetaka kumtunza. Nasema sasa. Akinihesabia kosa, atanihesabia yeye mwenyewe huko aliko.

Nilikuwa darasa la tatu. Unakumbuka baada ya ibada mlikuwa mnatoka nje na sadaka za mazao zinanadiwa pale kwenye nyasi, mikungu, mayai, kuku, maziwa. Mzee Ephraimu ndiye aliyekuwa mnadi. Sauti yake ilifika hadi kwetu kwenye nyumba za vibarua, mama alikuwa akisema, "Ephraimu ameanza, ibada imekwisha."

Sisi watoto wa vibarua tulikuwa tukisimama nyuma. Hatukuwa na cha kutoa, na hakuna aliyejua majina yetu. Tuliitwa "wa shambani" wote kwa pamoja. Jumapili moja nilichuma limau kwenye mti ulioota kando ya mfereji wa shamba, nikaliweka mezani na mazao mengine. Sijui kwa nini. Labda nilitaka na mimi niweke kitu.

Aliyetangulia alikuwa jogoo mkubwa. Kisha mzee akafikia limau. Watu wakaanza kucheka. Mama mmoja akasema, "Nani kaleta limau moja? Mpeni mbuzi." Nilitaka ardhi inimeze.

Yeye hakucheka. Alilifuta kwa mkono wa koti, akaliinua kwa mikono miwili kama alivyomwinua jogoo. Akauliza, "Nani ametoa?" Nikanyoosha kidole. Akaniuliza jina langu, jina la baba, akayarudia taratibu ili asikosee. Halafu akageuka. "Washarika! Limau. Limetolewa na Mikaeli Tluway. Nani anaanza?" Sauti ileile, Mama. Hakuipunguza hata kidogo. Kicheko kikafa. Mtu mmoja akataja bei, mwingine akapandisha, na kila walipopandisha yeye alitaja jina langu lote. Sijawahi kuitwa hivyo. Mwishowe akalinunua mwenyewe, akaliweka mfukoni.

Ingekuwa imeishia hapo ningesahau. Lakini Jumapili iliyofuata alinikuta mlangoni akaniinamia. "Mikaeli, leo umetuletea nini?" Basi nikawa sikosi. Parachichi. Fungu la kuni. Siku moja sikuwa na kitu, nikamwambia nimeleta wimbo, akaninadia wimbo nikaimba. Mama Irine, wenzangu wengi wa zile nyumba walipotea mapema, wengine kwa pombe, wengine kwa mambo ya polisi. Sisemi mimi ni bora. Nasema tu kwamba wiki nzima kulikuwa na mtu mmoja anayesubiri aone nitaleta nini, na mimi sikutaka kwenda mikono mitupu.

Tuliondoka mama alipopata kazi mjini. Sikumwona tena mpaka mwaka juzi, alipoingia hapa kutafuta bawaba za geti. Hakunitambua. Mimi nilimtambua kwa koti. Akafungua mdomo, ikatoka pumzi tu. Sikujua habari za ugonjwa wa koo na upasuaji. Alikuwa anaonyesha bawaba kwa vidole na vijana hawamwelewi, naye jasho linamtoka. Nikamsogelea nikamwambia, "Mzee Ephraimu, leo umetuletea nini?"

Alinitazama. Kisha akapapasa mifuko yote ya koti, akatoa peremende moja ya kifua, akaniwekea kiganjani.

Kuanzia hapo akawa anakuja kila Jumamosi. Alikuwa na benchi lake pembeni ya mashine ya kukatia vyuma. Kila akifika nilimuuliza swali lile, naye alikuwa na kitu. Ndizi mbivu, msumari aliouokota njiani, mara moja kifaranga ndani ya koti. Hakuna zaidi. Hakuna mwanamke, Mama. Kulikuwa na chai, chapati na kelele.

Na hili ndilo aliloniomba nisiseme. Nilimuuliza kwa nini hapumziki nyumbani. Akanisogezea mdomo sikioni, akanong'ona kwa shida. Alisema nyumbani akitaka kusema neno wote wananyamaza wamsikilize, hata kuku wanafukuzwa, redio inazimwa, na yeye anabaki katikati ya ukimya na neno lisilotoka. Huku kwetu mashine zikiwaka hakuna anayemsikia mwenzake, wote tunasema kwa mikono. "Hapa," alisema, "sijapungukiwa."

Aliniomba usijue, kwa sababu ukimya ule ulikuwa unaufanya kwa kumpenda. Ndiyo maana nilinyamaza. Niliogopa kwamba hili litakuumiza kuliko nyumba ndogo.

Nisamehe. Msalabani sitakuja.

Mikaeli


Juu ya Kikatiti
18 Machi 2024

Kwako Mikaeli,

Barua yako ilifika na Godwin siku mbili kabla ya kikao. Nilisoma nimesimama. Nilipofika kwenye kuku na redio niliiweka chini nikatoka nje, nikaenda mpaka mfereji, nikarudi, nikaimalizia.

Sitakudanganya, nilikasirika. Si kwako. Nilimkasirikia yeye. Ni mimi niliyezima redio. Ni mimi niliyemwambia Elieshi anong'one akija, na jirani nikamwomba afunge mbwa wake. Nilikuwa natembea humu bila viatu kama mtu anayelinda mtoto aliyelala. Mwaka mzima nilijitahidi, kumbe namsukuma nje ya nyumba kidogo kidogo. Kwa nini asinipige kofi la mgongoni akaonyesha redio? Ningeelewa. Tungeelewana kwa mikono na sisi.

Hasira ikaja ikaondoka, ikarudi. Mpaka leo inapita kama mgeni asiyekaa.

Lakini limau nalijua. Jumapili ile alirudi nikamwambia, "Wenzako wanarudi kutoka mnadani na mkungu, wewe limau?" Akasema, "Limeshindaniwa hilo, usilidharau." Irine alikuwa na kikohozi, nikalikamua kwenye chai yake. Sikuuliza limetoka kwa nani. Nimemwambia Irine: wewe binti, ulikunywa sadaka ya Mikaeli.

Sasa kikao. Walikaa wanaume mbele, sisi upande wa jiko kama kawaida. Sumari akaanza kueleza habari za Elerai na masikio. Sijawahi kusema kwenye kikao cha ukoo wao tangu niolewe. Nikasimama. Sumari akasema, "Shemeji, utapewa nafasi." Nikamwambia, "Nimekwisha kuichukua." Nikaeleza kwa mdomo wangu, sikusoma, maana barua ni yangu. Nilipofika kwenye redio sauti ilikatika, nikaogopa wataninyamazia. Bahati nzuri mtoto wa mtu akalia huko nje na ng'ombe naye akaitikia, nikapata nguvu nikaendelea.

Mzee mmoja akasema anakumbuka mnada ule, kwamba yeye ndiye aliyepandisha bei mpaka Ephraimu akamkanyaga mguu aache. Wakacheka. Elieshi akafuta macho, akasema kumbe hata mwendo si wa kaka yake, ni mwendo wa mtu aliyebeba vyuma.

Sumari hajaamini. Anasema hakuna mtu anayelia vile kwa ajili ya limau. Nikamwambia, "Wewe umezaliwa ukiitwa jina lako." Akavaa kofia. Hata hivyo kikao kimefungwa. Kihamba kinabaki kwa Irine na mimi, na jina la Ephraimu limebaki kama alivyoliacha. Nililotaka kujua nimelijua. Nilitaka linitulize, na halijanituliza vile nilivyodhani. Mtu niliyeishi naye ni yuleyule niliyemjua, ila alikuwa na kiu ambayo mimi sikuiona, na mwingine ndiye aliyempa maji. Nakushukuru, na kukushukuru kunaniuma. Nadhani utaelewa, wewe si mtu wa maneno mengi.

Tarehe sita Aprili njoo. Irine mwenyewe amesema njoo. Aliisoma barua yako mara mbili, akaenda akawasha redio kwa sauti kubwa, ikabaki inalia mpaka habari zikaisha.

Wageni wote wameondoka. Nimerudi chumbani kwangu, lakini siwezi kukaa humu mchana kutwa. Jumamosi hii Godwin anapeleka ndizi, nitapanda naye. Nionyeshe hilo benchi nikae kidogo. Sitahitaji kitu, hata chai.

Ila nikifika, usizime mashine.

Anande